Tundu la Sita Kwenye Boksi

Ma Anatolia, shikamoo. Nakuandikia huko gazetini mtoto akiwa mgongoni na uji ukiwa jikoni, mwandiko ukipinda utanisamehe. Nimekwama, mama yangu, na Jumatatu, si hii ya karibu, ile inayofuata, mtendaji wa kijiji anataka neno langu na mimi sijui niseme nini.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Annastella ana miaka minne na Elieza ana miezi mitano, Elieza halali na mimi silali, nilizaliwa Nshambya nikaolewa huku Muleba njia ya kwenda Rubya, na shule niliishia kidato cha pili. Mume wangu Mugisha si mtu mbaya, hanywi, hanipigi, ni fundi seremala, shida yake ni moja tu nayo ni bunduki. Baba yake mzee Rutashobya alikuwa mwindaji wa leseni, alipofariki mwaka juzi bunduki yake ilikaa polisi mpaka mambo ya mirathi yakaisha na Mugisha akapata kibali chake, sio gobore wala shotigani, ni ile ya risasi moja moja yenye mtutu mwembamba, mzee alikuwa anapanda nayo vilima kutwa nzima kama amebeba mwamvuli. Sasa Mugisha amejiunga na watu wa kulenga shabaha za mbali, wanashindana kupiga bati lililo hatua mia nne mpaka mia tano, anasema ya mzee haitoshi, na bunduki mbili hazihitaji, anataka kubadilisha apate moja ya kazi zote mbili, aende nayo porini msimu ukifunguliwa na ashindane nayo.

Rafiki yake Hafidhi, mwenye duka la televisheni na redio Rwamishenye, anayo nzito, mtutu mnene, ina miguu miwili ya mbele na darubini kubwa kama chupa ya chai. Kila Jumamosi alasiri anakuja nayo, wanalala kifudifudi pale kwenye mikaratusi wanazipima zote mbili wakibadilishana. Hafidhi anamtania, "Hiyo ya baba yako ni ya kutishia nyani kwenye migomba." Mugisha anamjibu, "Na yako utawinda nayo nini? Mpaka uifikishe kilimani, mnyama ameshazeeka na kufa mwenyewe." Wanacheka, halafu Mugisha ananigeukia, "Mama Anna, wewe ndiye utakayechagua, kamati ya kijiji haisogezi barua yangu ya bunduki mpaka mke wangu aseme."

Ningechagua siku nyingi, Ma Anatolia, lakini kuna kitu kinanitisha na sijui nikiite nini.

Shabaha yao ni boksi la televisheni kutoka dukani kwa Hafidhi, jipya kila wiki, wanalifungua na kulibandika karatasi nyeupe yenye duara jeusi, wanalitundika kwenye nguzo mbili mwisho wa rweya, ule uwanda wa nyasi, pale unapokutana na kibanja chetu cha migomba, likikaribia kugusa chini. Nyuma yake kuna kichuguu kikubwa kuliko jiko langu, ndicho kinachomeza risasi. Mzee mwenyewe alikuwa analengea hapo. Kichuguu kimebonyea kwa mbele kama kigoda, nilikuwa nakaa pale kumenya maharage kabla hawajaanza mambo yao. Kaburi la mzee lipo hatua thelathini tu kutoka hapo, kwenye migomba ya mwisho, na Anna anapenda kumpelekea maua.

Jumamosi ya kwanza walipiga risasi tano. Wanazihesabu, maana zimeandikwa kwenye kibali. Walipoleta boksi nyumbani lilikuwa na matundu sita. Mugisha akasema nimehesabu vibaya, nikahesabu kwa kidole mbele yake, sita. Jumamosi ya pili wakapiga nane, matundu tisa. Ya tatu vivyo hivyo. Na hilo la ziada halikai na wenzake kwenye duara, linakaa chini peke yake, nikisimamisha boksi linakuja juu kidogo ya goti langu. Yale mengine upande wetu, wenye karatasi, ni laini, ukipitisha kiganja juu yake hakikwami. Hili kingo zake zimechanika kuja kwetu, kama ua lililofunguka, kama vile mtu amesimama upande wa kaburi akawajibu.

Halafu kuna njuga. Mzee alikuwa na mbwa wa kuwindia, akimvalisha njuga shingoni, mbwa alikufa wiki ile ile aliyokufa mzee na njuga ikatundikwa kwenye msumari nyumbani kwa mama mkwe, hapa hapa kibanjani. Sasa Jumamosi ukungu ukishuka na ndege wakinyamaza kwa mlio wa bunduki, mimi niko jikoni nanyonyesha, naisikia njuga kule rweya. Inalia kidogo, inanyamaza, bunduki inalia, halafu njuga tena. Wanaume hawaisikii, wamevaa vifunika masikio. Nilikwenda kwa mama mkwe Jumapili asubuhi nikaitazama, ipo kwenye msumari wake, lakini ndani ina udongo mwekundu mbichi. Nilipomwonyesha alisema, "Waitu, mzee hataki bunduki yake iuzwe."

Sasa Jumamosi iliyopita, hiyo ya tatu. Mugisha aliipiga ya mzee mfululizo, mtutu ukachemka, risasi ya nne ikashuka, ya tano ikashuka zaidi mpaka chini kabisa. Hafidhi akasema, "Unaona? Ikipata moto inakwenda inakotaka." Nilipolitazama boksi jioni, ile ya tano ilikuwa imepiga kidole kimoja juu ya lile tundu lisilo na mwenyewe.

Siku hiyo hiyo nikimwogesha Anna, maana Jumamosi anashinda kwa bibi yake, nikamuuliza, "Mmepika nini kwa bibi?"

"Nilikuwa kwa babu."

"Babu anafanya nini?"

"Analenga."

"Anakwambia nini?"

Akajimwagia maji kichwani kwanza. "Aliniambia, inama."

Ma Anatolia, sabuni ilinidondoka. Tangu siku hiyo namtazama mtoto kama sio wangu. Nisaidie, nimwambie Mugisha achukue nyepesi au nzito au asichukue kabisa, na bunduki ya marehemu ikitoka nyumbani, mzee atatuacha au atamchukua mwanangu? Namba yangu ipo nyuma ya karatasi, usiichape.

Mama Anna, Muleba

*

Mama Anna,

Barua yako ilinifikia hapa Bukoba Jumamosi mchana. Niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, na sikungoja gazeti, unajua mwenyewe. Umeniruhusu nichape yote, kwa hiyo nawaeleza na wengine, maana nyumba yenye boksi na kichuguu si yako peke yako.

Mimi ni mjane wa bwana nyama, afisa wa wanyamapori. Nimefua mashati yenye harufu ya baruti miaka ishirini na mitatu, na matundu ya risasi nayajua kama wewe unavyoyajua ya chandarua chako. Risasi ikipita kwenye boksi inasukuma mbele. Kingo zinachanika kwa nyuma, upande wa kichuguu. Wewe umeandika kwa mkono wako kwamba kingo za tundu la sita zinawatazama nyinyi. Basi tundu hilo halikupigwa. Limetobolewa kwa kijiti na mtu aliyekaa nyuma ya boksi, kwenye kile kigoda chako cha kumenyea maharage, na mtu huyo akikaa, jicho lake linafika juu kidogo ya goti lako. Alitaka pa kuchungulia. Alitaka kumwona baba yake akilenga.

Nilikupigia saa tisa na dakika kumi. Nikauliza Anna yuko wapi, ukasema kwa bibi yake. Nikauliza wanaume wako wapi. Ukanyamaza, na katika ule ukimya wako niliisikia njuga, mbali, ndani ya simu. Nilikwambia umlaze Elieza, uchukue khanga nyekundu, ukimbilie kwa wenye bunduki na si kwenye boksi, na usipoteze pumzi kupiga mayowe kwa watu waliofunika masikio. Simu uliiacha mezani. Nilisikia Elieza akilia, nikasikia mlio mmoja wa bunduki, na baada ya hapo sikusikia kitu kwa muda ambao sitaki kuupima. Uliporudi ulisema neno moja tu, "Nimemshika." Alikuwa kwenye kigoda, njuga shingoni, kijiti mkononi, na alikukasirikia kwa kumharibia mchezo.

Sasa nikugombeze. Wewe ulijua yuko kwa bibi, bibi alijua yuko kwako, na Jumamosi nne mtoto hakuwa kwa mtu yeyote. Najua umechoka. Nimelea watoto watano, huo uchovu naujua, unaona mzimu kabla hujaona gauni la mwanao. Lakini aliyechoka anaomba mtu amshikie mtoto, haachi hesabu ya watoto ijifanye yenyewe. Mama mkwe naye, udongo mbichi ndani ya njuga si ujumbe kutoka kaburini, ni mkono wa mjukuu aliyepanda kwenye kiti. Angeuliza kiti kimesogezwa na nani.

Mugisha, najua mkeo anakusomea, kwa hiyo sikiliza. Rweya si uwanja wa shabaha. Ng'ombe wanapita, watoto wanapita, watu wanatafuta senene. Uwanja wa kulengea unajulikana polisi, una bendera, na una mtu anayekagua upande wa shabaha kabla ya kila mzunguko. Na bunduki ya Hafidhi imeandikwa jina la Hafidhi. Hamtakiwi kubadilishana kama baiskeli.

Kuhusu kuchagua, nitakujibu kwa sababu umeuliza na kwa sababu jibu lenyewe limo kwenye boksi. Nyepesi ya mzee ni ya kutembea nayo. Porini unapiga moja, pengine mbili, mtutu haujapata moto, kazi imekwisha. Ukiipigisha mfululizo inatawanya, na ya tano umeona ilikokwenda. Nzito ya Hafidhi haitawanyi, ila itamchosha mbebaji kabla hajamfikia mnyama, na mkono uliochoka hauui, unajeruhi. Anayetaka moja kwa kazi zote achukue ya katikati, mtutu wa unene wa wastani, isizidi kilo nne na nusu pamoja na darubini, na iwe ya aina ambayo risasi zake zinapatikana bila kusubiri miezi. Haitamshinda mzee kilimani wala Hafidhi uwanjani, na hilo inabidi alikubali kabla hajanunua. Risasi anunue za aina mbili, maana ya shabaha inapita ndani ya mnyama bila kufunguka, naye anakwenda kufia mbali kwa mateso.

Halafu darubini, na hapa ndipo nataka anisikie. Ile kubwa kama chupa ya chai inavuta karatasi karibu mpaka unaona vumbi lake, lakini inakata kila kilicho pembeni. Wanaume wawili wazima walitazama maboksi yale wiki nne na hawakuona mtoto akipita kwenye nyasi. Achukue inayoweza kupunguzwa mpaka ikuze mara tatu tu. Aanze hapo chini, aone rweya yote, nyasi zote, kila kinachotikisika, ndipo avute karibu. Akishindwa kungoja hivyo, asinunue.

Jumatatu mwambie mtendaji maneno haya na usiongeze. Nitakubali siku nitakayoona sanduku la chuma limefungwa kwenye ukuta, risasi zikiwa na kufuli lao mahali pengine, na mume wangu akilenga kwenye uwanja unaotambuliwa. Kabla ya hapo, hapana. Atakununia wiki mbili. Mpikie vizuri, mpende, na usibadilishe neno.

Boksi lile lichome leo kabla ya chai. Njuga usiirudishe msumarini. Mvalishe Anna mchana kutwa, ujue alipo, na ikinyamaza, inuka.

Limebaki la mzee. Watoto wa miaka minne wanaongea na makaburi na kuku na viatu vyao, na ningependa kukuachia hapo. Lakini Jumapili nilikuomba umkalishe Anna kwenye kile kigoda, nyuma ya boksi la wiki iliyopita, uniambie risasi ya tano inamgusa wapi. Ulipima mara mbili. Katikati ya paji la uso. Na wiki ile mtoto alirudi nyumbani mzima, akaoga.

Sijui nani alimwambia ainame. Nimefikiri tangu Jumapili na sijui bado. Nenda kapalilie kaburi lile kwa mikono yako, umwambie asante kwa sauti, uwepo wewe na Mugisha. Kisha mwambieni kwamba kuanzia Jumamosi hii apumzike, kumwangalia Anna ni kazi yenu.