Mimi na Kaka Yangu Tuko Kundi Moja Chuoni, na Mila Hainiruhusu Kusema Naye

Mpendwa Shangazi Losalini, naomba msaada wako, na kama utacheka basi ucheke ukishamaliza kusoma, maana hapa nilipo chozi liko karibu kuliko kicheko.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na ushee, nakaa Nasinu, pembeni mwa mji mkuu wetu, nimekuwa nesi tangu usichana wangu na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya katika zahanati za visiwani, mpaka mgongo ukakataa kuinua wagonjwa, nikawa najiuliza nitakula nini mbele ya safari, ndipo binti yangu akaniambia, "Mama, si wewe uliyekuwa unawagombeza watu wa makao makuu kila dawa zikishushwa kisiwa kisicho chake? Nenda kasomee hiyo mifumo yao uitengeneze mwenyewe." Nikamcheka, kisha nikalala na neno lake kichwani, kisha nikaenda kujiandikisha stashahada ya uzamili ya teknolojia ya habari na biashara, ile waliyoiweka kwa ajili ya sisi tuliosomea mambo mengine tukataka kubadili kazi, na unesi nikauacha rasmi, wakaniimbia wimbo wa kuniaga na kunivika shada la maua, kwa hiyo Shangazi uelewe kwamba nyuma yangu mlango umeshafungwa.

Muhula wa kwanza nilihangaika lakini nilivuka, na darasa letu lilinitia moyo kwa sababu yumo mpishi wa hoteli, yumo karani wa benki, yumo hata mchungaji mmoja anayesali kwa sauti kabla ya kuwasha kompyuta. Muhula huu mhadhiri wetu, Dokta Chand, akatugawa makundi ya mradi, na kundi letu akatuweka watatu, mimi, na Shaleshni ambaye alikuwa akiuza vitambaa dukani kwa baba yake, na Kitione ambaye alikuwa mwanajeshi, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza, kwa sababu Kitione ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, mama zetu wametoka tumbo moja, tumekulia kisiwa kimoja huko Lau katika nyumba mbili zinazotazamana.

Wewe ni wa kwetu unajua, lakini naeleza kwa ajili ya wasomaji wengine: kwetu kaka na dada wakishakua hawasemezani, hawataniani, hawakai mkeka mmoja, yeye akiingia kwa mlango huu mimi natoka kwa ule, na hiyo si chuki hata kidogo, ni heshima, na mjini wengi wameilegeza lakini sisi hatukulelewa hivyo. Tangu nivunje ungo Kitione hajanitamkia neno, na bado katika dunia hii hakuna mwanamume ninayemwamini kama yeye. Mume wangu alipofariki, mtu wa kwanza kuleta samaki na mihogo nyumbani alikuwa yeye, akaviweka barazani, akakohoa ili nijue, akaondoka.

Chuoni hakuna aliyejua udugu wetu maana majina ya baba zetu ni tofauti, nami sikumwambia Dokta Chand, ingawa amezaliwa Labasa na mila zetu anazijua, kwa sababu niliona nikisema itabidi mmoja wetu ahamishwe kundi, na atakayehamishwa ataonekana amekataliwa, basi nikajisemea tutajikaza, muhula ni mfupi. Tukawa tunamkalisha Shaleshni katikati.

"Shaleshni, mwambie bwana huyo kwamba sehemu ya tarehe imekosewa."

"Dada Nesi, si huyu hapa? Amekusikia, hana pamba masikioni."

Kitione naye macho dirishani: "Shaleshni, mwambie nimesikia."

"Jamani! Mimi ni mtu au ni simu? Hebu semeni ukweli, ninyi mliwahi kuoana mkaachana?"

Shangazi, roti aliyonigawia, ile chapati ya kwao, ilinikwama kooni, na Kitione akainuka akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Kesho yake darasa zima likawa linanong'ona kwamba mimi na mwanajeshi tulikuwa wapenzi. Mimi na kaka yangu! Niliomba ardhi ipasuke.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mradi wetu ni kutengeneza mfumo wa kupokea oda katika duka la mikate la Bibi Yee kule Raiwaqa, mimi kazi yangu ni kumhoji mwenye duka na kuandika anachohitaji, Kitione anajenga kanzidata, Shaleshni anapanga kile mteja atakachokiona kwenye skrini. Bibi Yee akaniambia jambo moja akilitwanga mezani kwa kidole: "Harusi watu wanapanga. Msiba haupangi mtu. Mfiwa akija hapa simwambii nina oda nyingi, namtolea mkate, wengine watasubiri, jina lake nitauliza tukishazika." Nikamwambia Shaleshni amfikishie Kitione yote hayo, na Shaleshni siku hiyo alikuwa amechoka kubeba maneno yetu, akayakata, akamwambia tu, "Anasema ziwepo oda za haraka." Kitione akajenga oda za haraka kama anavyojua yeye, kwa nidhamu ya kambini, jina kamili kwanza, simu kwanza, foleni, uthibitisho.

Wiki iliyopita tukaenda kumwonyesha Bibi Yee. Kitione amejifunga kiunoni sulu yake ya heshima, imenyooka pasi, anaeleza kwa fahari, nami ndiyo kwanza naiona ile skrini, nikaona kosa papo hapo, mdomo ukafunguka, ukafungika. Ningesema, ningekuwa namsahihisha kaka yangu usoni mbele za watu. Nikanyamaza. Bibi Yee akatazama, akauliza, "Kwa hiyo mtu akifiwa, hii mashine inamwambia apange foleni?" Wafanyakazi wake wakaangua kicheko. Kitione akainamisha kichwa, akasema, "Nitarekebisha, mama," na hakuuliza ni nani aliyekuwa anajua. Alitazama tu sakafu, upande niliosimama mimi, na mtazamo ule mpaka leo unanichoma.

Na bado kuna kubwa kuliko hilo. Siku ya kuwasilisha mradi kila mwanakundi atasimama amhoji mwenzake uso kwa uso kuhusu kazi yake, mbele ya watahini, na kura imeniangukia mimi kumhoji Kitione. Nikikataa tunafeli kundi zima, na ile ofisi ya ugavi wa dawa iliyosema itanifikiria nikimaliza haitaningoja. Nikifungua mdomo, mama yangu angali hai kisiwani, na habari kwetu hufika kabla ya meli. Nimemwambia Shaleshni kwamba nafikiria kuacha masomo, akalia, mimi nikalia, hatukufikia popote. Shangazi, niache? Niombe kuhamishwa kundi? Au nivunje mila niliyoishika maisha yangu yote kwa sababu ya oda za mikate?

Ni mimi, Mdomo Uliofungwa, Nasinu

SHANGAZI LOSALINI ANAJIBU

Mdomo Uliofungwa, pole mwanangu. Nimecheka kwenye roti, nisamehe, lakini nilipofika kwa Bibi Yee kicheko kiliisha.

Tuanze na hili la kuacha masomo, tulimalize mapema. Wewe uliyezalisha wanawake visiwani huku tochi umeibana kwa meno, leo unataka kukimbia darasa lenye viti laini vya kuzunguka? Hebu! Umri wako si kisingizio wala mgongo wako si kisingizio, na ofisi ya dawa inamhitaji mtu anayejua kisiwa kikikosa dawa kinakuwaje. Usilitaje tena mbele yangu.

Sasa nikugombeze vizuri. Unasema ulinyamaza kwa heshima. Heshima ya nani? Mila ilikukataza kumsemesha kaka yako, haikukuagiza umwache aanguke. Bibi zetu walipotuwekea mwiko huu walitaka kaka na dada wasivunjiane hadhi. Wewe umeushika mwiko kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ukaiacha hadhi ya kaka yako ichekwe na wakanda unga. Ungemwona anavuka barabara ya Rodwell na basi linakuja, ungemtafuta Shaleshni akamwambie?

Na huyo Shaleshni mmemwonea. Mmemfanya tarishi bila kumwambia anabeba nini wala kwa nini, kisha akikosea mnamtazama. Wewe ni nesi, unajua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Uvumi wa mapenzi hamkuzushiwa, mmeupika wenyewe kwa ukimya wenu, maana watu wakiona wawili hawasemezani na hawaambiwi sababu, watatunga sababu. Leo hii, si kesho, mwambie: "Kitione ni kaka yangu, na kwetu tunaheshimiana hivi." Atashika kichwa, atacheka, kisha atawatetea kuliko wakili. Na safari hii chakula upike wewe. Mpikie samaki wa nazi na rourou ya majani ya magimbi, ale mpaka akusamehe.

Halafu nenda kwa Dokta Chand ukamwambie sentensi hiyo hiyo. Usiombe kuhamishwa, hapo fikra yako ilikuwa sahihi, ni aibu kwa anayebaki na kwa anayeondoka. Omba jambo moja tu, kwamba maswali yako uwaelekezee watahini na Kitione awajibu watahini. Wewe useme, "Ningependa kujua mfumo huu unamfanyia nini mtu aliyefiwa," huku umemtazama Dokta. Mtu wa Labasa hatakosa kuelewa. Akikosa, niandikie, nitakuja mwenyewe na mkeka wangu.

Lakini mradi hausubiri siku ya watahini. Mpwa wangu anafanya kazi hizo zenu, nimemuuliza. Anasema kila kundi la mradi lina ubao wake mtandaoni ambapo kazi hubandikwa moja moja, na mtu haandiki "wewe umekosea," anaandika kazi inataka nini. Mwanangu, hayo si mageni kwako. Maisha yako yote umeandika kwenye faili la mgonjwa ukimaliza zamu, anayeingia zamu anasoma, hamjaonana, hamjasalimiana, na mgonjwa anapona. Basi mgonjwa wenu ni huo mfumo. Ubandike pale: "Oda ya msiba haiulizi jina. Haipangi foleni. Inasogeza zote nyingine." Hapo hujamsemesha kaka yako, umeisemesha kazi, na hata mama yako akifikishiwa habari kabla ya meli hataona pa kukulaumu. Umefika chuo kikuu kusomea jinsi ya kupeleka habari sahihi kwa mtu sahihi, na habari moja iliyo muhimu umeipeleka kwa mdomo wa tarishi aliyechoka. Haya, nimemaliza kugomba.

Nilikuwa nimeshaifunga barua hii niipeleke kwa mhariri nilipopata ujumbe mwingine. Nikaomba ruhusa kwa aliyeuandika kabla ya kuuweka hapa. Unasema hivi:

"Shangazi, mimi nilikuwa mwanajeshi, sasa ni mwanafunzi mwenye mvi. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, yuko katika kundi langu. Juzi kazi yangu ilichekwa dukani na nina hakika yeye aliliona kosa kabla ya wote. Simlaumu, mila ni yetu sote. Nilipotoka jeshini nilikaa nyumbani nikinywa yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, nikijiona nimeshazeeka, mpaka nikasikia kanisani kwamba yeye ameacha unesi na anaanza shule upya. Nikasema kama dada anaweza, nami nitajaribu, nikaenda kujiandikisha. Sasa mwenzetu wa kundi ananiambia kwamba dada anataka kuacha masomo. Nitawezaje kumwambia asiache, na kwamba kazi yangu aisahihishe kadiri anavyotaka, bila kumvunjia heshima?"

Nilimuuliza kama haogopi kwamba dada yake atausoma. Akanijibu: "Uchapishe. Dada gazeti hulianza kwa ukurasa wako."

Bwana mwanajeshi, jibu lako ni fupi: umeshamwambia. Na wewe mwanangu wa Nasinu, usilete kwangu jibu la kumpelekea, kundi lenu lina Shaleshni mmoja na anatosha. Futa machozi, washa hiyo kompyuta, kabandike oda ya msiba. Kaka yako anaingoja.