Bingwa Ataandika Kesho

12 Januari

Mama,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta mgongo umetulia na cherehani haijakugombanisha na mtu. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inachemka.

Matokeo yametoka. Waombaji sitini na tatu, nafasi za kusomea ubingwa wa macho nne, na mimi nimekuwa wa tano. Wa tano, Mama! Mwaka juzi nilikuwa wa kumi na tisa, mwaka jana wa tisa. Kwa mwendo huu mwakani nitakuwa wa nne na nusu.

Mtihani nilipata themanini na nane. Aliyeshika nafasi ya nne alipata themanini na moja. Kilichoniangusha ni barua za mapendekezo: zinatakiwa tatu, zangu zilifika mbili. Ya tatu ni ya Bingwa, mkuu wangu wa kliniki. Nilimkumbusha wiki kumi na moja, na jibu lake ni lile lile: "Daktari, kesho." Hiyo kesho yake ingekuwa mtoto, sasa ingekuwa inaota meno.

Na kazi naifanya. Wiki iliyopita niliona wagonjwa mia moja arobaini na wawili, yeye akaona kumi na saba. Laiti nisingejua kuhesabu, ningelala vizuri.

Koti ulilonishonea limefika, ahsante. Nina neno juu yake, ila leo sina ubavu.

Mwanao

29 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo unalalamika lakini siujibu. Wewe je, unakula? Hasira si chakula.

Sasa nieleze polepole, maana mtaani wananiuliza nami sina jibu. Mtu akija kwangu kujifunza kushona, miezi tisa namkabidhi mkasi. Wewe umesoma udaktari miaka sita, umefanya kazi minne, sasa unaomba kwenda kusoma tena, na wanakunyima! Hukuomba cheo wala gari. Umeomba kusoma!

Nami nilishatangaza kwa mafundi wote wa safu yetu: jicho langu la kulia atalipasua binti yangu, si mwingine. Ukungu upo, siufichi, lakini unangoja. Kwa hiyo usinicheleweshe kwa mambo ya barua. Mkalie huyo Bingwa kooni.

Koti lina nini? Sijawahi kushona koti la kusemwa.

Mama yako

6 Februari

Mama,

Shikamoo tena, na unisamehe kwa yatakayofuata.

Koti jeupe umelishona kwa uzi wa krimu. Mwanzo hadi mwisho. Kola imesimama, mifuko imelingana, lakini uzi ni krimu, na muuguzi wetu akaniuliza kama ndiyo fasheni. Sikucheka. Wewe ndiye uliyefumua sare arobaini kwa sababu uzi ulikuwa mweusi badala ya bluu ya giza. Huo si ukungu, Mama. Huyo ni mtoto wa jicho aliyekomaa, anakupakia dunia nzima rangi ya manjano.

Tufanye hesabu. Hata nikichaguliwa mwakani, masomo ni miaka minne, na mgonjwa wa kwanza nitampasua mwaka wa pili, msimamizi ameniinamia begani. Ukiningoja, unangoja zaidi ya miaka miwili. Upasuaji wenyewe hauzidi dakika ishirini! Nenda hospitali yoyote, kwa bingwa yeyote. Jicho lako halijui kalenda ya chuo, na mimi sitaki kuwa sababu ya wewe kupapasa ukuta.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kuliko nilivyokuwa. Nimekaa kimya miezi mitatu kwa sababu nilinuna. Nani alikuomba uukague uzi wangu?

Kisha mwalimu mkuu akarudisha mashati thelathini na nane, kola za krimu kwenye mashati meupe. Aliyaweka mezani tu, akanipa pole. Ile pole ndiyo iliyoniumiza. Nikazifumua zote, nikafunga duka, nikapanda basi mpaka hospitali yenu, wiki ile unayokwenda kupima wanafunzi mashuleni. Sikusema mimi ni mama wa nani.

Nimepasuliwa. Na aliyenipasua ni Bingwa wako.

Walinipiga ganzi ya jicho tu, masikio yakabaki kazini. "Mama, usisogee, usiongee." Nikanyamaza dakika kumi na tisa, sijawahi kunyamaza hivyo tangu nizaliwe. Kesho yake akanifungua bandeji, akaninyooshea mkono.

"Mama, vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kifungo cha pili cha shati lako kimeshonwa na mvivu. Haya, barua ya binti yangu iko wapi?"

Akacheka. Nilipomwambia binti yangu ni nani, akavuta kiti.

"Mama, nikisema ukweli utakasirika?"

"Nilishakasirika, sema."

"Yule akiondoka, wale wagonjwa mia na arobaini nitawaona na nani?"

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikera. Unamkumbuka yule fundi wangu wa kola? Miaka mitatu nilimwambia hajaiva, na alishaiva kunishinda. Nikamweleza Bingwa hayo yote. Nikamwambia, "Mwishowe alitoroka. Sasa ana duka mkabala na langu, na hanisalimii."

Akatazama chini. Akasema, "Nitaandika kesho."

"Baba, basi langu ni la saa nane, na sasa ni saa tatu. Benchi lako nimelipenda."

Saa saba kasoro akaandika. Barua iko kwenye droo ya meza yako.

Nilitaka uwe wewe. Pale chini ya kitambaa nililia kidogo, kwa jicho lile lingine.

Mama yako

27 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila umenifanyia nini! Umepasuliwa ndani ya hospitali yangu, nami nimeambiwa na mfagizi! Ungepata homa usiku ule je? Sijui nikushukuru au nikukasirikie, basi nafanya yote mawili.

Barua nimeiona. Wiki ishirini na tisa za kungoja, na ina mistari mitatu. Zaidi ya wiki tisa kwa kila mstari! Lakini wa tatu unasema: "Nimechelewa kumwandikia kwa sababu sitaki aondoke." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri, ameniharibia.

Maombi yanafungwa mwezi wa kumi na mbili, lakini sikungoja. Nimeyapeleka leo, nimedai risiti, nimeipiga picha.

Dawa ya matone ni mara nne kwa siku. Si tatu, si "nikikumbuka".

Mwanao

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Naamini sikio lako limepona kelele nilizopiga kwenye simu siku ya matokeo. Wa pili kati ya sabini na mmoja! Hata sasa nikiamka naikagua tena orodha.

Lakini nina shida. Nilidhani wiki ya kwanza nitapewa mashine ya kupasulia. Nimepewa jicho la mbuzi kutoka machinjioni, na sindano nyembamba kuliko kope, isiyo na tundu, uzi wameunganisha nayo kiwandani. Nishone mishono mia chini ya darubini. Nimeshona mia, imepinda mia. Mwalimu akaniuliza wazazi wangu wanafanya kazi gani. Nikasema wakulima.

Mama, unafanyaje isipinde?

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba, nami ni mzima, mpaka nilipofika kwenye neno "wakulima".

Ulipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuweka kwenye cherehani, ukanijibu kwamba kushona si kazi ya mtu anayejua hesabu. Haya basi, hesabu.

Inapinda kwa sababu unavuta uzi. Usiuvute, uusindikize. Sindano iingie wima, itoke wima. Kabla ya kuchoma mshono mmoja, ona nafasi ya unaofuata. Ukikosea, fumua, usishone juu ya kosa. Na upumue! Ulikuwa ukishika sindano unabana pumzi kama mtu anayezama.

Kisha nenda kamwambie mwalimu ukweli: mama yako ni fundi, na anasema mishono mia ni michache. Shona mia tatu, uniletee ile ya mwisho niione.

Mama yako