Sahani Kumi na Tatu

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za Mama. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Wifi na mapacha wazima? Sisi miili haijambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima, jana kamtimua fundi bomba kwa maneno matupu.

Mdogo wangu, nina donge rohoni. Barua hii nimeianza mara tatu, nikaichana.

Unamkumbuka Mwalimu Mkuu, yule uliyemkuta jikoni kwangu shuleni akikwangua ukoko wa sufuria? Ndiye aliyemfundisha mwanangu Kasuku kusoma. Mtoto alikuwa hajui kuunga herufi. Yule mama akamkalisha stoo, juu ya magunia ya mchele, kila baada ya chakula, mwaka mzima. Alianza na alama kumi na mbili kwa mia, sasa anapata arobaini na moja. Nilimwona kama ndugu wa tumbo moja.

Jumanne akaja na karatasi. "Mama Kasuku, weka sahihi hapa, ni ya masomo ya ziada." Nikafuta unga kwenye gauni, nikaandika jina langu herufi moja moja, na asante juu. Jioni Kasuku akaleta nakala akanisomea. Eti mimi mzazi nimeomba mwenyewe mwanangu asifanye mtihani wa mwisho, arudie darasa. Alisoma bila kukwama hata neno moja. Kisha akanyamaza, na jina la Kasuku unajua hakulipata bure.

Nikamfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Hakunitazama. "Wastani wa shule ukishuka chini ya hamsini naondolewa. Wenye alama ndogo wananishusha. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia," nikasema. Akaanza kupanga kalamu zake.

Sasa nakugeukia wewe, na usinune. Likizo iliyopita ulikaa kwenye kiti changu kibovu ukasema ofisini kwenu, idara ya elimu, mmetengeneza kipimo, walimu wakuu wavivu watajulikana kwa matokeo ya watoto. Nikakupigia makofi! Mdogo wangu, mimi ni mpishi. Mmoja akipewa mchele safi na mwingine wenye mawe, huwezi kuonja sahani zao ukasema huyu hodari, yule mzembe, bila kuuliza kila mmoja alianza na nini. Kutoka kumi na mbili hadi arobaini na moja, kwenye karatasi zenu panaandikwa wapi? Yule mama alistahili kusifiwa kwa Kasuku. Nyinyi mmemfundisha kumficha.

Na mimi sijiepushi. Januari nilipakulia darasa la mwisho sahani sitini na nne. Kila mwezi nikaambiwa punguza mbili, punguza tatu. Nikapunguza mchele, sikuuliza ni watoto wa nani, mpaka zamu ikafika kwangu. Sasa ni hamsini na moja.

Majina ya watakaofanya mtihani yanaletwa kwenu Ijumaa. Yakifika, kabla ya huo wastani, hesabu vichwa vya Januari na vya sasa, uulize kumi na tatu wako wapi. Usimtetee mpwa wako peke yake, nitaona haya kuwapakulia wenzake. Wala usimfukuzishe Mwalimu Mkuu. Akiondoka, nani atakaa na watoto juu ya magunia? Kesho nitapanga sahani sitini na nne, na aje mwenyewe aziondoe.

Msalimie wifi, wabusu mapacha. Mama anakuombea. Kasuku hakutuma salamu. Neno lake la kwanza tangu Jumanne lilikuwa, "Mama, mjomba alijua?" Jibu nimekuachia wewe.

Mungu akulinde na akupe moyo mwepesi wa kusema kweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Mama Kasuku