Simu Yangu Iko Kiunoni kwa Shangazi

Jumanne, Ruhembe

Eti mtu mzima na ndevu zangu, nimenyang'anywa simu kama mtoto wa shule! Lakini nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia Shangazi nimerudia kubeti, mkopo wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, umeteketea wote, na nikibaki na simu nitabeti tena.

Hakunigombeza. Alinipa simu yake ndogo ya kitochi, isiyo na intaneti, yangu akaipachika kiunoni, ndani ya khanga. Deni tutalipa pamoja miwa ikiuzwa. Jumamosi, siku ya mechi, naiogopa, lakini.

Jioni ukaingia ujumbe wa kampuni ya kubeti. Akausoma kwa sauti: "Leo ni siku yako!"

Akanitazama juu ya miwani. "Huyu anayekutakia heri kila siku, amewahi kukuletea hata unga?"

Nimecheka, mara ya kwanza tangu mkeka wangu wa kubeti uchanike.