Mashuka Yaliyorudi na Harufu ya Pasi

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Beda. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiachia la nne, we soma hivyohivyo.

Huku mlimani mvua imenyesha, maharage yamekubali. Mbuzi wako kazaa. Chumba chako sijakigusa, ila rozari nimeitoa msumarini, iko mfukoni kwangu. Usifurahi sana. Iko tu.

Nataka nikuambie habari ya Mama Felista, mwenyekiti wa jumuiya. Mama, yule mimi sikumwamini hata siku moja. Wenzake walikuwa wanakuja Jumamosi kukusalia, wanaimba, wanakunywa uji, wanaondoka. Yeye anabaki. Mlango anafunga. Akitoka ana furushi chini ya kitenge, anaangalia huku na huku kama kaiba kuku. Nikichungulia kitandani, shuka siyo lile la asubuhi. Baadaye linarudi limekunjwa, linanuka pasi ya mkaa.

Nikawaza, bomba si liko hapo mlangoni? Nguo ya mgonjwa inapelekwa wapi? Na unajua watu wanavyosema, nguo ya mgonjwa ikiingia mikono mibaya. Nilipokuuliza ulicheka mpaka ukashika tumbo. "Beda, we watu unawachambua kama mchele wa Dakawa. Utalala njaa, mawe hujayamaliza."

Basi siku moja nikamfuata. Nikapita kwenye migomba mpaka mtoni, nikajibanza kwenye magimbi. Nilitaka nimfumanie. Nikamwona kapiga magoti kwenye maji, anapiga shuka kwenye jiwe. "Salamu Maria," pa! "Umejaa neema," pa! Na maji yaliyokuwa yanashuka upande wangu yalikuwa mekundu.

Mama, we ulisema ni tumbo tu.

Pale ndo nikajua. Hukutaka mwanao wa kiume aone damu ile, ndo maana bomba la mlangoni hamkulitaka. Nikarudi, nikakukorogea uji. Umeondoka duniani ukidhani sijui. Yale maji ya moto niliyokuwa nakuachia mlangoni toka siku ile, mama, ulidhani ya nini?

Siku hizi kanisani naenda. Nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Padri akisema Mungu anawapenda wagonjwa, namkazia macho nione kama anaamini. Na Mungu mwenyewe bado namwangalia kwa pembeni, maana kama alikupenda, ile damu... Sijamalizana naye. Ila wakianza Salamu Maria, na lile jiwe nalisikia. Hiyo siwezi kusema ni uongo. Niliiona mwenyewe.

Sasa Mzee Damiani, mume wa Mama Felista, kapata kiharusi. Kitandani hageuki. Na Mama Felista mwenyewe mgongo umekataa kuinama. Jumamosi watu walipomaliza kusali kwao, nikabaki. Nikaomba mashuka. Felista, binti yao, kaja toka Dar kumuuguza baba yake. Akanizuia mlangoni. "We kaka, mashuka ya baba unayapeleka wapi? Na mbona unaangalia chini?"

Mama yake akacheka huko ndani. "Mwache. Huyo njia ya mtoni anaijua."

Kumbe aliniona, mama. Siku ile kwenye magimbi, aliniona, na hakukuambia.

Nimeyafua. Salamu Maria niliianza, katikati ikanipotea, nikairudia toka mwanzo. Nilipoinua kichwa, kwenye migomba kuna kitenge cha njano kimejibanza. Felista. Kanifuata. Sikumwita. Nikamwacha achunguze mpaka atosheke, nikageukia jiwe.

Lala, mama. Jumamosi naenda tena, na pasi nitaazima. Kuchambua sijaacha, sikudanganyi. Ila nakuahidi, njaa silali.

Mwanao,
Beda