Siku Ukuta wa Ndiva Ulipobomoka

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikainua kalamu kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

Ni mwezi wa nne sasa tangu tukuzike. Watu wananiuliza kama nalia. Silii. Naamka, nakata majani ya ng'ombe, naenda kanisani, narudi. Nikila makande sijui kama yana chumvi. Shangazi anasema machozi yana siku yake. Huenda.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lilitokea siku ile ile ya mazishi, na kila nikilifikiria, mtu ninayetaka kumwambia ni wewe.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchungaji alikuwa bado anasoma pale simu yako ilipoita ndani ya mkoba wangu. Nikaenda pembeni, kwenye migomba. Alikuwa Elinazi. Siku hiyo zamu ya banio ilikuwa yake, kule juu maji yanakochepushwa mtoni kuja kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Alijua umefariki, Mjomba. Baadaye aliniambia kidole kilikwenda chenyewe kwenye jina lako, miaka yote ndivyo kilivyozoea. Akasema harakaharaka, "Bwawa limejaa mpaka ukingoni. Nifunge banio?"

Nikamwambia, "Mzee tunamzika sasa hivi."

Niliisikia mvua ya kwake na mvua ya kwangu. Kisha akauliza, "Sasa nani wa kusema?"

Nikasema sijui.

Mimi, katibu wako wa kamati ya maji kwa miaka sita! Neno "funga" lingenichukua muda gani? Lakini halikunijia. Nilirudi kaburini nikatupa udongo wangu pamoja na wengine. Saa kumi na moja jioni ukuta wa ndiva ukabomoka upande wa chini. Maji yaliondoka na mahindi ya Mama Neema na jiko lake lote, mafiga na vyungu. Yeye mwenyewe alipona kwa kuwa alikuwa kwako, anawapakulia waombolezaji chakula.

Kwenye mkutano wa kamati wakanichagua niwe mwenyekiti mahali pako. Nadhani walichagua sauti yako. Mimi nami nikajaribu kuwa wewe. Nilisimama kama ulivyosimama, mikono nyuma, nikatangaza msaragambo, kazi ya watu wote, wa kujenga ukuta siku ya Jumamosi. Walikuja watu wanne. Wenye mashamba ya juu walisema maji yao yanatoka mtoni moja kwa moja, ukuta si shida yao. Wa chini wakasema wa juu ndio walioacha banio wazi. Nikapiga kelele. Mjomba, hata kelele yangu ilinitoka kama ya mtu mwingine, nikaisikia kwa mbali.

Mkutano uliofuata sikuandaa hotuba. Niliwaeleza habari ya ile simu. Nikasema, "Aliniuliza, nikasema sijui. Na nilikuwa najua." Nikakaa.

Elinazi akasimama, kofia mkononi. "Na mimi nilikuwa nimesimama juu ya banio lenyewe," alisema, "nina mikono miwili. Nilikuwa nasubiri ruhusa ya marehemu."

Ndipo akasema Mama Neema. Unakumbuka hajawahi kusema kitu mkutanoni. Alisema ukuta ule ulikuwa unavuja chini tangu mwaka juzi, aliona kila alipokwenda kukata majani, na alikuja kukuambia. Ukamjibu, "Niachie mimi." Alisema bila hasira, kama anayetaja mahali alipoacha jembe.

Niachie mimi. Wangapi tuliambiwa hivyo, Mjomba? Ulikuwa unajua zamu ya kila shamba, ugomvi wa kila mpaka, nani asiwekwe karibu na nani. Ulivibeba vyote kichwani, nasi tukakuheshimu, tukaacha kuangalia. Kisha ukaondoka navyo. Siku nyingine nakukasirikia, na hasira yenyewe haina joto.

Mama Neema ndiye aliyetuonyesha mahali pa kuanzia kuchimba, na udongo upi unashika. Wanaume walimfuata wakiwa na majembe begani. Wa juu walikuja siku ya pili, wachache, halafu wengi. Hata ndugu zetu wa kijiji cha Vudee walituma watu. Tulikubaliana jambo moja tu, nikaliandika: anayeona maji yamefika kwenye jiwe la alama anafunga kwanza, anasema baadaye. Awe nani.

Mvua kubwa ilirudi wiki iliyopita. Sikuitwa. Jumapili, njiani kwenda kanisani, Elinazi aliniambia kama habari ya kawaida, "Juzi nilifunga banio," akaendelea kusimulia habari za mbuzi wake. Nilidhani nitafurahi. Nilitembea nikasubiri furaha ije, haikuja, ila miguu ilikuwa myepesi kidogo.

Nakumbuka ulivyonifundisha kuandika kumbukumbu za mkutano, tumekaa juu ya magunia: "Andika wanachokikataa. Walichokubali watakikumbuka wenyewe." Ulikuwa mwalimu mzuri. Ningependa ungetufundisha na hayo mengine.

Kesho nashuka Kihurio. Dada amejifungua, na mpunga wake umeiva, hana wa kumsaidia. Watu wameniuliza maagizo ni yapi nikiwa huko. Nimewaambia hakuna. Wameniuliza nitarudi lini, nikasema sijui, na safari hii ni kweli.

Nakuahidi, Mjomba: siku nitakayokufa mimi, kazi haitasimama hata kwa saa moja. Watanizika, watafungua maji, watamwagilia. Ukisikia hivyo usione wamenisahau.

Pumzika sasa. Umetuachia sisi wenyewe.

Mpwa wako,
Nakiete