Ukuta Uliopata Joto

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, na univumilie mwandiko maana nina mtoto mapajani na kila nikianza mstari anavuta kalamu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunamwita Bonge, na ukimbeba utajua kwa nini, na nafanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya kula, upande wa kusafisha. Mafuta yakitoka kukamuliwa yana rangi nzito kama chai iliyolala, sisi tunayapasha moto kwenye tangi tunamwaga udongo wa unga, udongo unanyonya rangi na uchafu, kisha yote yanapitishwa kwenye chujio, mafuta yanatoka maangavu na udongo unabaki kwenye vitambaa vya chujio, mweusi, umelewa mafuta. Huo tunauita udongo mchovu, na wenzangu wa zamu wanasema mimi na huo udongo tumetoka tumbo moja.

Sasa mshauri, jambo la kwanza nililofundishwa pale ni kwamba udongo mchovu haurundikwi. Unatandazwa uwanjani, mwembamba, unamwagiwa maji, kwa sababu ukirundikwa yale mafuta yaliyomo yanaanza kupata joto yenyewe, taratibu, katikati kabisa, bila kiberiti wala cheche, mpaka linakuwa moto. Mimi kwa macho yangu nimeona rundo likitoa moshi mchana kweupe na hakuna aliyeligusa.

Lakini getini kiwanda kinaugawa bure kwa anayetaka, na mama mkwe wangu akasikia. Tunaishi kwake. Yeye ndiye anayenilelea Bonge nikiwa kazini, anamlisha, anamwogesha, na nikirudi nimechoka hoi ananiambia, "Kaa kwanza, mwanangu, mtoto hatoroki," yaani sijui ningekuwa wapi bila yeye. Basi akaanza kufinyanga udongo ule vidonge vya kuwashia jiko, anakausha, anauza kwa majirani, vinashika moto upesi na watu wanavipenda, biashara ikachangamka, naye akachangamka, tukafurahi sote. Kila alipopata nafasi akaleta gunia jingine, akayapanga stoo, moja juu ya jingine karibu yafike darini, akayafunika na blanketi kuukuu yasipate unyevu. Na stoo na chumba tunacholala vinatenganishwa na ukuta mmoja.

Nilimwambia. "Mama, udongo huu ukirundikwa unawaka wenyewe."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Unawaka wenyewe? Mbona jikoni unanisubiri mpaka niwashe kiberiti? Usingizi unakusumbua, mwanangu."

Nikamwambia mume wangu, yeye ni dereva wa lori, akasema, "Mama kapika maisha yake yote, leo wewe ndiye wa kumfundisha moto?" Nikajiambia nitasema tena siku nyingine, maana tukigombana nani atanishikia mtoto.

Juzi nikarudi zamu ya asubuhi nikakuta kitanda cha mtoto kimehamishwa, kimesukumwa mpaka kwenye ukuta wa stoo, na Bonge kalala fofofo. Mama mkwe ananieleza kwa furaha, "Nimegundua ukuta huu una joto zuri. Na kile kikohozi chake, hapa analala kama mfalme." Akachukua kikapu chake akaenda sokoni.

Niliweka kiganja ukutani.

Mshauri, sikungoja kufikiri. Nilimnyanyua mtoto nikampeleka kwa jirani yetu mshonaji, nikamwambia mshike na msije huku, nikarudi nikayaburuta magunia mpaka katikati ya uwanja, moja la ndani lilikuwa limepata moto kama sufuria, nilipolipasua kwa beleshi likafuka moshi na harufu ile ninayoijua ya kazini, nikamwaga maji, ndoo baada ya ndoo, nikamwaga hata kwenye yaliyokuwa baridi, mpaka uwanja wote ukawa tope jeusi.

Mama mkwe aliporudi hakukuta moshi. Alikuta tope, na majirani wamesimama wanatazama kazi yake ikielea. Nikaanza kumweleza, maneno yakanigongana mdomoni. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Kama ulitaka niache, mke wa mwanangu, ungesema, ningeacha." Tangu hapo anamlea Bonge vilevile, hajampunguzia kitu, lakini nikirudi kazini haniambii tena kaa. Mume wangu kapiga simu kutoka safarini, anataka nipige magoti niombe radhi kisha niende na mama getini tukajaze magunia mapya.

Radhi nitaomba, mshauri, magoti yangu hayana kiburi. Lakini magunia hayarudi. Kitanda nimekivuta mbali, na ufunguo wa stoo uko kiunoni mwangu hata sasa ninapoandika. Nifanyeje nisimpoteze mama huyu, na ukuta ule usipate joto tena?

Ni mimi,
Mama Bonge


Mama Bonge,

Nianze kwa kukugombeza, tulimalize hilo. Ulijua. Ulisema mara moja, ukachekwa, ukanyamaza, ukaendelea kumlaza mtoto jirani na kitu ambacho kazini kwenu hakirundikwi hata uwanjani. Uliogopa kukosa wa kukushikia mtoto. Hofu hiyo naijua, nami nimelea huku nafanya kazi, lakini ili mtoto ashikwe lazima kwanza awepo. Jambo la moto ukilisema ukachekwa, unalisema tena siku ileile, na mbele ya watu. Na gunia la moto halipasuliwi na mtu mmoja mwenye beleshi. Ulibahatika. Siku nyingine unatoka na mtoto, unaita watu.

Kuyatoa magunia ulifanya sawa, na mtu asikuyumbishe hapo. Kwa hiyo usiombe radhi kwa magunia. Ukiomba, utakuwa umekiri kwamba ulimharibia kazi kwa makusudi, na kesho yatarudi stoo. Omba radhi kwa tope. Omba kwa sababu jasho lake lilimwagiwa maji majirani wakitazama, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Soma tena alichokuambia. Hajui kwamba ulikuwa unamwokoa mjukuu wake. Anadhani ulikuwa unamwonea aibu yeye na vidonge vyake. Hicho ndicho kinachomuuma.

Kumweleza kwa mdomo kulishashindikana, basi mpeleke kiwandani. Msimamizi wa zamu amwonyeshe udongo unavyotandazwa na kumwagiwa maji, amweleze kwa nini, naye aulize maswali yake yote, na akitaka kucheka acheke hukohuko. Na msimamizi huyo mwulize kwa niaba yangu: kama ndani ya ua mnauogopa kiasi hicho, getini mnawapakilia watu udongo huo kwenye magunia bila kuwaambia neno, kwa nini? Wengine nao wana stoo, na wana watoto. Wewe unayesoma ukurasa huu na una magunia hayo nyumbani, weka gazeti chini ukatafute msaada wa kuyatoa.

Biashara yake isife. Vidonge avifinyange kwa vumbi la mkaa na udongo wa kawaida, vitachelewa kidogo kushika moto, wateja watavumilia. Siku yako ya mapumziko shika beseni ufinyange pamoja naye, uchafuke mikono, majirani walioona tope waone na hilo. Mumeo akipiga simu tena kudai magunia mapya, mjibu kwa upole kwamba akirudi safari, kitanda kitakachoegemea ukuta wa stoo ni chake.

Ufunguo mrudishie. Stoo ni yake, na mtu hafungiwi chumba nyumbani kwake na mke wa mwanawe. Mpe akishatoka kiwandani, siyo kabla.

Lakini leo, kabla ya hayo yote, ukitoka kazini nenda moja kwa moja alipo. Mwambie, "Mama, ulimsogeza Bonge pale kwa sababu ulimsikia anakohoa." Mwache alisikie hilo. Halafu mwambie, "Joto lile lilikuwa moto, mama, niliushika kwa mkono wangu, na magunia hayarudi." Usiongeze kitu. Vuta kiti ukae karibu naye, bila kungoja akwambie kaa.